Nadharia na Masimulizi ya Vita vya Maji Maji

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliovikumbuka vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mzee asimuliapo hagawi maneno yake kwa vichwa vya habari. Huanza na pamba, akagusa kiboko cha akida, akarukia dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kisha akaja kwenye njaa. Ayapangaye maneno hayo katika dhamira ni mtafiti, naye haendi kazini na kichwa kitupu.

Swali kuu la John Iliffe na G.C.K. Gwassa lilikuwa hili: watu wasio na mtawala mmoja waliwezaje kupigana pamoja na Mjerumani? Lilikuwa swali zuri, tena lililoifaa nchi yenye miaka saba tu ya uhuru. Kwa nadharia hiyo dhamira ya umoja ilipanda juu ya nyingine zote. Maji yakawa kiungo cha makabila, na kung'olewa kwa pamba huko Umatumbi kukawa tangazo la vita vya umma.

Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri alivitazama vita hivyo huko Uzaramo kwa nadharia ya kazi za wanaume na wanawake katika kaya. Hapo wakatokea nguruwe mwitu, wakila mazao ambayo wanawake waliachiwa kuyalinda wanaume walipochukuliwa kufanya kazi za serikali. Mwaka uliofuata Jamie Monson, akiandika juu ya nyanda za juu za kusini, alionyesha mapatano na uhasama wa watawala uliokuwako kabla ya Mjerumani kufika. Nguruwe hao hawakuzuliwa mwaka 1997; waliwasumbua wakulima miaka yote. Kilichokosekana ni swali la kuwapa nafasi katika historia.

Wako wasemao kwamba mtafiti aiache nadharia nyumbani, ayaache masimulizi yajisemee. Sikubaliani nao. Asemaye hana nadharia anayo, ila ameificha, pengine hata kwa nafsi yake. Iliffe na Gwassa walau walilitaja swali lao waziwazi, ndiyo maana waliowafuata waliweza kubishana nao.

Lakini wazee wale hawapo tena, na maneno ambayo mhoji hakuyaandika kwa kuwa hayakuihusu dhamira yake hayawezi kurudiwa. Kwa hiyo daftari la mahojiano lihifadhiwe zima, maswali pamoja na majibu, hata yale yaliyoonekana kuwa ni kupotea njia.