Bastola kubwa: ijue kabla ya kuitamani

Ami yangu anauza mitumba Gikomba na anakaa Ziwani, mwendo mfupi tu kutoka Kariokor. Tangu avamiwe usiku mlangoni kwake, hana mazungumzo mengine: anataka bastola. Wiki jana alinipigia simu. "Mwanangu, nichukue Ceska au Glock?" Mimi hulenga shabaha kwa mchezo tu, lakini nilimjibu ninalolijua, na huenda likamfaa na mwengine.

Zote mbili ni za ukubwa kamili na ni nusu-otomatiki. Ukivuta kifyatulio hutoka risasi moja, na nguvu ya mlipuko hurudisha nyuma sehemu ya juu, ikatupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Zote hutumia risasi ya milimita 9.

Ceska ninayoisema ni CZ 75, iliyobuniwa Chekoslovakia mwaka 1975. Ni chuma kitupu, karibu kilo moja bila risasi, urefu wa sentimita 20 na kidogo. Uzito huo ndio raha yake mchezoni, maana mkono haurushwi sana na risasi ya pili hufuata palepale. Urefu nao huweka umbali baina ya alama ya mbele na ya nyuma, kwa hivyo kosa la kulenga huonekana mapema. Nyundo ikiwa imelala, mvuto wa kwanza huwa mrefu na mzito, kisha inayofuata huwa myepesi. Wanagenzi wengi hukosea hapo.

Glock 17 ya Austria ilichukuliwa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1982. Fremu yake ni plastiki ngumu, uzito kama theluthi mbili za Ceska, na magazini hubeba risasi 17. Haina kizuizi cha kidole gumba. Kinga zake ziko ndani na kwenye kifyatulio chenyewe. Kidole kikigusa na kuvuta, imelia. Ami ana wajukuu wanne mle ndani.

Tena bastola hizi ni kubwa kuzificha. Chini ya shati huchomoza. Kikoi ndiyo usiseme.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti kwanza, na Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo inayoamua. Mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru hata waliokuwa na leseni wahakikiwe upya.

Nikamuuliza: ami, itakaa wapi? Juu ya kabati watoto watapanda. Kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, mwizi akija usiku utalifungua saa ngapi? Na nyuma ya mlango wako kuna vibanda vya mabati wanamolala watu. Risasi ya milimita 9 hupita bati kama karatasi.

Alinyamaza kitambo. Kisha nikamsikia mkewe kwa nyuma akiuliza fundi wa milango ya chuma anachukua shilingi ngapi.