Kukauka au kuiva?

Fundi wa madirisha ya alumini mjini Arua akishapaka silikoni ukingoni mwa kioo, huonya: “Msiguse, haijakauka.” Rangi ya maji ndiyo hukauka, kwa kuwa maji yake huondoka. Silikoni hunywa unyevu wa hewani, molekuli zake zikashikana kuwa mpira. Ile harufu ya siki inayochoma pua ni asidi inayotolewa humo. Utando huanza juu, ndani hufuata taratibu, kama milimita 2 au 3 kwa siku. Kwa kuwa huhitaji unyevu, Januari, hewa ya huko ikiwa kavu, “kukauka” huchelewa! Mimi ningesema haijaiva. Kuganda nako hapana: samli iliyoganda huyeyuka ikipata moto, silikoni hairudi.