Msikiti Mkuu wa Kilwa na nuru isiyo yake

Julai 2025 ilitimia miaka 520 tangu Wareno wa Francisco de Almeida walipoivamia na kuipora Kilwa Kisiwani. Siku hizi wageni wa Msikiti Mkuu wa mji huo huja na kamera, si silaha, na picha zao hutufikia kwenye simu hata huku Ilomba, Mbeya: nguzo, matao, miali ya jua, na chini yake maneno ya sifa kuhusu nuru ya ibada.

Sehemu kubwa ya nuru hiyo wajenzi hawakuikusudia. Ukumbi wa kaskazini, wa karne ya 11 au 12, uliezekwa wote juu ya nguzo tisa, wala haukuwa na ua wa wazi kama misikiti mingi ya Uarabuni. Waumini waliswali kwenye kivuli. Leo paa halipo, na anayepiga picha pale saa sita mchana anapiga picha ya hasara akidhani ni utukufu.

Nenda upande wa kusini, ulioongezwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14 na kujengwa upya karne iliyofuata. Huko baadhi ya kuba za matumbawe na chokaa zimesalia, pamoja na kiza chake. Asubuhi jua huingia ubavuni, likaangaza upande mmoja wa nguzo yenye pembe nane, upande wa pili ukabaki mweusi. Mihrabu, kishubaka kinachoonyesha kibla, iko kwenye ukuta wa kaskazini wa ukumbi ule usio na paa, kwa kuwa Makka iko kaskazini mwa Kilwa. Juni hukaa kivulini hata adhuhuri. Desemba, jua likiwa kusini, miali huigusa. Mgeni wa siku moja hawezi kuyaona yote mawili.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, enzi ya Sultani al-Hasan huyohuyo. Katika habari za safari alizomsimulia mwandishi Ibn Juzayy zaidi ya miaka 20 baadaye, anausifu mji kwa uzuri, kisha anasema umejengwa kwa mbao na kuezekwa nyasi! Hapo wanahistoria wakashikana mashati. Mbao gani, na msikiti wa mawe umesimama? Wengine humlaumu mnakili, wengine kumbukumbu ya msafiri. Mimi nawaunga mkono wanaosema aliona nyumba za watu wa kawaida. Neville Chittick, aliyefukua Kilwa miaka ya 1960, alikuta pia mabaki ya nyumba za miti na udongo. Ufahari wa mawe umetufanya tuwasahau waliolala chini ya makuti, na kamera zetu zinaendeleza usahaulifu huohuo: kisiwani wanaishi watu hadi leo, lakini pichani hawaonekani.

Kitabu cha Chittick kilitoka 1974, majuzuu mawili yenye picha. UNESCO iliuorodhesha mji kwenye urithi wa dunia 1981, ikauweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, ikautoa 2014. Mvua na bahari havikungoja orodha.

Wapiga picha wetu wa harusi wana kamera nzuri kuliko aliyokuwa nayo Chittick. Ndugu yangu, ukipita Kilwa, andika tarehe na saa ya kila picha, piga ufa kama unavyopiga tao, na uache nakala kwa wahifadhi kabla hujarudi Mbeya.