Bunduki Iliyoficha Nyundo Zake

Katika hadithi zetu nyingi za enzi za ukoloni, bunduki ni bunduki tu. Inabebwa, inalia, mtu anaanguka, basi. Imetengenezwa wapi? Inafanyaje kazi? Mwandishi hana habari. Mimi ninayehangaika na riwaya yenye mwindaji wa Kizungu ndani yake niliona sharti nikijue chombo hiki kabla sijamkabidhi mhusika wangu. Na nilichokikuta, ndugu msomaji, si mchezo.

Tuanze katikati ya karne ya 19. Bunduki ya marisau ya Kiingereza ilikuwa na mitutu miwili iliyolala sambamba, na nyundo mbili nje, zimechomoza kama pembe za mbuzi. Ilishindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni. Mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, ikaonekana bunduki ya Mfaransa Lefaucheux iliyokunjuka kwenye bawaba na kupokea risasi kwa nyuma. Mdeki ukaanza kupitwa na wakati. Lakini nyundo? Zilibaki palepale nje! Kila moja ilivutwa kwa dole gumba. Zilinasa vichakani, na dole likiteleza, msiba.

Mafundi wakakuna vichwa. Mwaka 1871 Murcott wa London alizificha nyundo ndani, zikawa zinavutwa kwa wenzo. Watu wakaibandika bunduki yake jina la utani: mtego wa panya.

Jibu lenyewe lilitoka Birmingham mwaka 1875, katika kampuni ya Westley Richards. William Anson alikuwa msimamizi wa mafundi, John Deeley meneja. Walijiuliza swali dogo tu: kwa nini mwindaji ahangaike kuvuta nyundo, ilhali kila akitaka kuweka risasi lazima aikunjue bunduki? Mitutu yenyewe, ikiinama, si ifanye kazi hiyo!

Hebu fuatana nami ndani. Kuna kisanduku cha chuma, na ndiyo sababu Waingereza huiita boksiloki. Humo mna nyenzo mbili ndogo, moja kwa kila mtutu. Mitutu ikiinama, ncha za mbele za nyenzo hukandamizwa chini na za nyuma hupanda, kama watoto kwenye bembea ya ubao. Zikipanda huinua nyundo, springi hubanwa, na kishikizo hudumbukia kwenye pengo la nyundo: tak! Bunduki imekokiwa. Ukivuta kifyatulio, kishikizo hutoka kwenye pengo, springi huisukuma nyundo, na ncha yake hugonga kitako cha risasi. Kwisha! Vyombo vichache, vinene, visivyovunjika ovyo. Wapo wanaopenda zaidi mitambo ya ubavuni, yenye nafasi pana ya nakshi, lakini huo wa kisanduku ulikuwa rahisi zaidi kutengeneza, na viwanda vingi vikaufuata.

Sasa hapa ndipo hadithi inapotugusa sisi. Birmingham hiyohiyo, toka karne ya 18, ilikuwa ikitengeneza bunduki nyingine za bei poa kwa soko la Afrika, zikabadilishwa kwa bidhaa na hata kwa binadamu. Kisha mwaka 1890 mataifa makubwa yakatia sahihi mkataba huko Brussels. Eti kwa kuzuia biashara ya watumwa, bunduki za kisasa zikapigwa marufuku kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi 22 kusini. Iliyoruhusiwa kuuzwa kwa masharti ni bunduki ya jiwe, ile tuliyoiita gumegume. Silaha ya kisasa ilihitaji kibali, na msafiri wa Kizungu alikuwa na njia ya kukipata. Biashara ya watumwa ilistahili kufa, hilo sibishi. Ila marufuku hiyohiyo ilimwacha Mwafrika na jiwe la cheche mkononi, wakati huohuo nchi yake ikitwaliwa.

Kwa hiyo, wewe unayeandika, usiseme "bunduki" ukapita. Mwindaji wako wa mwaka 1860 lazima avute nyundo kwa dole, na swala anaweza kuusikia mlio ule. Wa mwaka 1900 aweza kuikunjua tu, akaifunga, ikawa tayari. Na mzee anayemtazama akiwa na gumegume begani, anayepaswa kumimina baruti, kushindilia na kuomba mvua isinyeshe, anajua bila kuambiwa nani mtawala. Tofauti ya watu wale wawili imo ndani ya kisanduku kidogo cha chuma. Ukikifungua, utakuwa umeeleza ukoloni bila kuhutubia.