Mwambao wa Ufipa na Upepo wa Kusi

Msomaji wa visiwani akisikia neno mwambao, fikra zake huelekea kwenye maji ya chumvi, mikoko na majahazi. Huko Rukwa neno hilo lina makao mengine. Anayetoka Sumbawanga, mji ulioko juu ya uwanda wa Ufipa karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, akielekea magharibi, huteremka kiasi cha mita elfu moja hadi kufika Kasanga, Kala, Wampembe, Kipili au Kirando. Vijiji hivyo vyote huitwa mwambao, na hakuna aonaye ajabu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470; anayesimama ufukweni siku ya ukungu haoni ng'ambo.

Walikuwapo hata wataalamu walioamini kwamba ziwa hilo ni mtoto wa bahari. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona humo yavuyavu, kiumbe laini aeleaye kama mwavuli, ambaye kwa kawaida alidhaniwa kuwa wa maji ya chumvi. Mwingereza J. E. S. Moore akaja mara mbili kabla ya karne ya 19 kwisha, akawatazama konokono wa ziwani waliofanana na wa baharini, na katika kitabu chake cha mwaka 1903 akadai kwamba bahari ya kale ilifika hadi hapo. Msafara wa W. A. Cunnington wa mwaka 1904 hadi 1905 ulilidhoofisha dai hilo. Moore alikosea, lakini jina lake limebaki kwa samaki mdogo wa mawe, Tropheus moorii, ambaye wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya humnunua kwa kutaja alikovuliwa. Ndivyo Kasanga na Kipili zilivyojulikana katika vyama vya watu wasioweza kuionyesha Sumbawanga kwenye ramani.

Mvuvi wa mwambao hakumhitaji Moore ili alijue ziwa lake. Kwa vizazi vingi dagaa walivuliwa usiku kwa mwanga: moto wa kuni uliwashwa kwenye mtumbwi, dagaa wakakusanyika, na wavu wa lusenga wenye umbo la pia ukawachota. Nyuma ya dagaa hufuata migebuka wanaowala. Kuhe na sangala nao wana mahali pao, na kila mmoja ana wavu wake. Katikati ya karne ya 20 zikaja karabai na nyavu kubwa za kuinua, na mavuno yakaongezeka. Hata hivyo sheria moja ilibaki bila kuandikwa na serikali yoyote: mbalamwezi ikienea, mwanga wa taa haumwiti dagaa, na vyombo hupumzika. Kila mwezi ziwa lilipata siku zake za likizo.

Hasara ilianzia pembeni. Kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, hupita palepale samaki wanapotaga, na huzoa vitanda vya magamba ya konokono ambamo jamii kadhaa za samaki wadogo hujificha na kulea watoto wao. Sheria za uvuvi za Tanzania zimelipiga marufuku. Pamoja na kokoro kuna udongo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993 na Andrew Cohen na wenzake ulionyesha kwamba mahali ambapo tope la milima iliyokatwa miti huingia ziwani, aina za viumbe hupungua. Hapa mtu wa juu na mtu wa mwambao wanafungwa kamba moja. Mfipa wa uwandani, aliyezoea kufukia majani ndani ya matuta yake ya mviringo ili ardhi ipate mbolea, alikuwa mlinzi wa ardhi kabla neno mazingira halijaingia katika hotuba. Lakini anayelima mteremko mkali humpelekea jirani yake wa chini tope.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na wanafunzi walioshughulika na mambo haya kwa mikono yao. Mradi ulioitwa Nyanza uliwakusanya Kigoma vijana wa vyuo vya Marekani na vya Afrika, pamoja na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Walitoka na mashua, wakapima maji, wakachota tope la chini na kuhesabu magamba. Kazi ya namna hiyo inachosha na haina sifa sokoni, ila tope hutunza kumbukumbu: tabaka juu ya tabaka, mifupa ya samaki na magamba ya miaka mingi.

Kumbukumbu hiyo ilileta habari isiyopendeza. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba maji ya juu yamepata joto na uzalishaji wa ziwa umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30. Mwaka 2016 Cohen na wenzake wakaonyesha kutoka kwenye tope kwamba samaki walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza.

Sababu yake mtu wa visiwani ataielewa upesi, kwa kuwa ni ule ule upepo wa kusi. Kati ya Mei na Septemba huvuma ukisukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Upande wa kusini, mbele ya mwambao wa Ufipa, maji baridi ya chini yenye rutuba hupanda kujaza nafasi. Rutuba hulisha mimea midogo ya majini, mimea ikalisha wadudu, wadudu wakalisha dagaa, na dagaa wakawalisha migebuka. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi mno, hayachanganyiki na ya chini, na kusi hupiga bila kuchimbua kitu.

Kwa hiyo mvuvi wa Kirando analipa deni ambalo sehemu yake kubwa hakulikopa. Haimaanishi aachiwe kokoro. Ziwa lililopungukiwa chakula haliwezi kustahimili kukombwa. Juni 12, 2003, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa, uliotaja uvuvi, uchafuzi na udongo kwa pamoja. Kati ya hayo matatu, uvuvi ndio uliopata tarehe ya kufungwa. Mei 15, 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, na nyumba nyingi za mwambao zikatafuta riziki nyingine. Agosti 15 ziwa lilipofunguliwa, upepo wa kusi ulikuwa bado na wiki kadhaa za kuvuma.