Difu Imebadilishwa Gia na Sasa Inalia: Jinsi ya Kujua Tatizo Kabla ya Kufungua Tena

Gari limetoka gereji. Gia za difu zimebadilishwa, pesa imelipwa, na safari ya kwanza tu kuna mlio mpya nyuma. Fundi anasema gia ni mpya, zitazoea. Jirani anasema weka oili nzito zaidi. Mwingine anasema fungua ubadilishe beringi zote.

Hapo ndipo wenye magari wengi hupoteza pesa mara ya pili. Difu hufunguliwa upya kumbe tatizo ni beringi ya tairi. Au kinyume chake: gari linaendelea kupiga kazi huku gia zinajisaga, mpaka siku difu inakata meno barabarani.

Habari njema ni kwamba mlio wa nyuma una tabia zake. Swali la kwanza si "unalia vipi?" bali "unalia wakati gani?" Ukijua unakuja lini na unaondoka lini, nusu ya kazi imeshafanyika bila kufungua nati hata moja.

Kwanza, ndani ya difu kuna nini?

Kwenye magari yanayosukumwa na matairi ya nyuma, kama Hiace na Hilux, propela inazungusha gia ndogo iitwayo pinioni. Pinioni inazungusha gia kubwa ya duara, yaani krauni. Krauni ndiyo inayopeleka nguvu kwenye ekseli mbili na matairi.

Hesabu ya difu hutokana na idadi ya meno. Krauni ya meno 43 na pinioni ya meno 10 ni difu ya 4.3: propela inazunguka mara 4.3 tairi likizunguka mara moja. Krauni ya meno 43 na pinioni ya meno 11 ni difu ya takriban 3.9.

Chukua gari lenye difu ya 4.3 na tairi lenye mzunguko wa mita 2.2, likienda kilomita 80 kwa saa. Tairi linazunguka karibu mara 10 kwa sekunde, propela zaidi ya mara 43, na meno zaidi ya 400 yanakutana kila sekunde. Ndiyo maana kosa dogo kuliko unene wa karatasi linaweza kusikika mpaka kiti cha mbele.

Je, ni mlio wa difu kweli?

Mtu aliyetoka difu ya 3.9 kwenda 4.3 ajue kwamba injini sasa inazunguka karibu asilimia 10 zaidi kwa mwendo uleule. Gari litapanda mlima vizuri, lakini kelele ya injini itakuwa juu. Propela nayo inazunguka haraka zaidi, kwa hiyo kama ilikuwa na mtetemo uliokuwa unaanza kwenye 100, sasa unaweza kuanza kwenye 90. Hayo si makosa ya gia mpya.

Kama spidi inasomwa kutoka kwenye gia boksi, nayo itadanganya: gari likienda 80 halisi, mshale utaonyesha kama 88. Anayefanya majaribio akumbuke hilo.

Kabla ya kuilaumu difu, fanya majaribio manne mepesi:

1. Badilisha barabara. Pita kwenye lami laini kisha kwenye lami yenye kokoto, kwa mwendo uleule. Mlio ukibadilika na barabara, ni matairi. Difu haijali lami.

2. Simamisha gari, weka gia huru, kisha pandisha mzunguko wa injini mpaka pale mlio unapotokea. Ukiusikia gari likiwa limesimama, tatizo liko kwenye injini, egzosi au gia boksi.

3. Kwenye barabara wazi isiyo na magari, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Mvumo ukizidi gari likielekea kushoto, uzito umehamia kulia, basi anza kuikagua beringi ya tairi la kulia. Upande wa pili ni hivyo hivyo.

4. Kagua upepo na kashata za matairi. Tairi lililolika kwa mawimbi linavuma kama beringi mbovu kabisa.

Unalia wakati gani?

Sasa tafuta barabara tulivu, funga vioo na redio, na mwenzako aandike. Anza kilomita 40 kwa saa, kisha 60, kisha 80. Kila mwendo, sikiliza gari likiwa linavuta, likiwa mafuta yameachiwa, na likiwa linatembea tu bila kuvuta wala kuzuiwa.

Unalia ukikanyaga mafuta, unanyamaza ukiachia. Huu ni mlio wa wembamba, kama filimbi au kilio cha mbali. Mara nyingi unatoka kwenye gia zenyewe: pinioni imekaa ndani sana au nje sana, au krauni na pinioni si jozi moja.

Unalia ukiachia mafuta. Hapa mshukiwa wa kwanza ni beringi za pinioni. Ama zimechoka na hazikubadilishwa, ama hazikukazwa inavyotakiwa. Gari likijizuia lenyewe, pinioni inasukumwa upande mwingine, na kama beringi zimelegea inacheza.

Mvumo usiokoma, unaopanda na spidi tu. Ukikanyaga au ukiachia ni uleule. Hizi mara nyingi ni beringi, ama zile mbili zinazobeba krauni ama za matairi. Ndiyo maana jaribio la kuyumbisha gari ni muhimu.

"Ko!" moja ukianza kuondoka au ukibadili gia. Nafasi kati ya krauni na pinioni inaweza kuwa kubwa mno. Lakini kabla ya kufungua difu, ingia chini ukaitikise propela kwa mkono. Krosi iliyolika inatoa sauti hiyo hiyo, na kuibadilisha ni kazi nyepesi kuliko kufungua difu.

Kelele kwenye kona tu. Gari likinyooka kimya, likikata kona linanguruma au linashtuka. Kagua gia ndogo za ndani zinazogawa mzunguko kati ya matairi mawili. Kama difu ni ya aina yenye klachi za kuzuia tairi moja lisizunguke bure, huenda imewekewa oili isiyo na kiambato chake maalumu.

Tik, tik, tik ya mpangilio. Jino lina jeraha. Ikipiga mara moja kila tairi likizunguka, ni krauni. Ikipiga mara nne na ushee, ni pinioni. Hii haisubiri wiki ijayo.

Hakikisha gia ulizofungiwa ndizo

Kuna njia rahisi. Weka gari sehemu tambarare, zuia matairi ya mbele kwa mawe au mbao, inua nyuma na ulikalishe juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Tairi moja la nyuma libaki limegusa chini, jingine liwe juu. Weka gia huru, piga alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi lililoinuliwa.

Zungusha tairi hilo kwa mkono mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu propela. Mizunguko minne na kama theluthi moja ni 4.3. Ikipungua kidogo minne ni 3.9. Kipimo hiki ni cha difu ya kawaida, si ile yenye klachi.

Kwenye gari linalovuta matairi yote manne, jambo hili ni la lazima. Difu ya mbele na ya nyuma zikitofautiana, ukiingiza 4WD kwenye lami mfumo mzima unajikaza na unaweza kuvunjika. Kama ya nyuma tu ndiyo imebadilishwa, usiingize 4WD mpaka za mbele zilingane.

Kazi inayorukwa gereji

Kufunga krauni na pinioni si sawa na kufunga pampu ya maji. Kuna vipimo vinne, na kimoja kikikosewa gari litalia hata kama spea ni mpya kabisa.

Cha kwanza ni kina cha pinioni, kinachowekwa kwa shimu. Shimu za gia za zamani si lazima zifae gia mpya.

Cha pili ni mkazo wa beringi za pinioni. Difu nyingi zina spesa laini inayojikunja nati ikikazwa. Hiyo hutumika mara moja tu. Ikikazwa kupita kiasi, kulegeza nati hakusaidii, inawekwa mpya. Fundi anayekaza nati hiyo kwa spana ya upepo mpaka mwisho bila kupima, ameshaharibu kazi.

Cha tatu ni nafasi kati ya meno. Inapimwa kwa dayo geji, ile saa ndogo ya kupimia. Kwa magari mengi madogo na pickup huwa sehemu ndogo tu ya milimita, kama 0.13 hadi 0.20, lakini kitabu cha gari husika ndicho kinachoamua.

Cha nne ni mkazo wa beringi mbili zinazobeba krauni. Zikilegea, krauni inahama mzigo ukizidi na vipimo vingine vyote vinapotea.

Mwisho kabisa ni rangi. Fundi anapaka rangi maalumu kwenye meno machache ya krauni, anazungusha huku akiweka mzigo, kisha anaangalia alama. Alama ikiwa katikati ya jino, vizuri. Ikishuka kwenye shina la jino, pinioni imeingia sana. Ikipanda kwenye ncha, pinioni iko mbali. Mwenye gari anaweza kuomba kupigiwa picha ya alama hiyo kwa simu kabla difu haijafungwa.

Spea za mtumba zina mtego wake

Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na huuzwa kama jozi. Nyingi huwa na namba inayofanana kwenye gia zote mbili. Krauni ya difu hii na pinioni ya difu ile, hata kama idadi ya meno inalingana, zitalia, na hakuna shimu itakayozinyamazisha vizuri.

Kwa anayenunua mtumba, mara nyingi ni salama zaidi kuchukua difu nzima ambayo haijafunguliwa. Kwenye Toyota nyingi, kibati cha namba za gari kina sehemu iliyoandikwa TRANS/AXLE. Kodi iliyopo hapo inasaidia kujua difu ya awali.

Oili nayo

Gia za difu hizi husuguana kwa kuteleza, hivyo zinahitaji oili ya daraja la GL-5, mara nyingi 80W-90. Oili ya injini haifai. Fungua kwanza nati ya kujazia ndipo ufungue ya kumwagia. Ukimwaga halafu ya kujazia ikagoma, gari halitoki hapo. Gari likiwa sawa, oili ifike ukingo wa tundu la kujazia.

Kuweka oili nzito ili kuficha mlio ni kuahirisha tatizo.

Je, mlio "utazoea"?

Gia mpya zinahitaji kulainishwa, hilo ni kweli. Safari ya kwanza iwe ya dakika 15 hadi 20 kwa mwendo wa wastani, kisha gari lipoe. Kilomita 800 za mwanzo, usibebe mzigo mzito wala kuvuta tela, halafu mwaga oili. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida.

Lakini kulainisha gia si kurekebisha vipimo. Mlio wa gia zilizofungwa vibaya hauondoki kwa kuendesha. Unakata meno taratibu. Ukiwa unaongezeka siku hadi siku, rudi gereji mapema.

Simamisha gari haraka kama:

• Difu ni ya moto kiasi kwamba tone la maji linachemka hapo hapo baada ya safari fupi.
• Kuna mgongano wa chuma, au tairi la nyuma linashikashika.
• Oili inavuja kwenye pinioni au inaingia kwenye breki.
• Vipande vya meno vimeonekana kwenye oili.

Difu ikijifunga gari likiwa kwenye mwendo, matairi ya nyuma yanaweza kukwama ghafla. Kwa gari la abiria hiyo ni hatari ya maisha, si suala la kelele tena.

Unaporudi kwa fundi

Usiseme tu "difu inalia". Mpe maelezo: unalia kilomita 60 hadi 80, ukikanyaga mafuta, ukiachia unanyamaza, hata kwenye lami laini. Kisha uliza mambo matano: beringi zilibadilishwa? Spesa ni mpya? Nafasi ya meno ilisoma ngapi? Alama ya rangi ilikaaje? Namba za krauni na pinioni zinafanana?

Fundi aliyepima atakuwa na majibu. Asiye nayo, apime kwanza kabla hujanunua spea nyingine yoyote.