Siku Mbaya Chini ya Mlima Meru

Kijenge, upande wa mashariki wa jiji la Arusha, msiba haukai nyumba moja. Ukitokea alfajiri, jua halijapanda turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimeshushwa, kinamama wa jumuiya wanachochea moto chini ya masufuria uani, na daftari la michango limeshapata mtu wa kulishika. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi huenda ni fundi cherehani ambaye jana alikuwa akigombana na wateja wake. Jioni mchungaji au katekista anaongoza sala, watu wanafungua vitabu vya nyimbo, na siku ya maziko msafara unaondoka kuelekea Akeri, Machame au Mwanga. Wengi wa wakazi hapa wamepanga au wamejenga mjini, lakini kuzikwa ni nyumbani, kando ya migomba.

Wahubiri hupenda kusema kwamba imani humfunza mtu kuvumilia. Ni kweli, ila kwa Mlima Meru kauli hiyo inaacha nusu ya habari. Ukristo wa huku ulianza na siku mbaya, ukapita katika siku mbaya nyingine kadhaa, na kilichobaki kwa waumini wake si uvumilivu peke yake. Ni tabia ya kuitaja siku hiyo kwa tarehe, kuiundia kamati, kuichangia, na ikibidi kuifungulia kesi.

Siku ya kwanza inajulikana. Mwaka 1893 Misheni ya Leipzig ya Ujerumani ilifungua kituo Machame, Kilimanjaro, na miaka mitatu baadaye ikataka kuvuka kwenda Meru. Vijana wawili waliotumwa, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walikuwa watu wa nchi za Baltiki, hawajafikisha hata miaka thelathini. Walipiga kambi Akeri. Balaa ni kwamba Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa jeshi la Wajerumani pale Moshi, naye alikuwa karibu na askari wake. Kwa wapiganaji wa Meru na Arusha, Mzungu mwenye Biblia na Mzungu mwenye bunduki waliotokea njia moja kwa wakati mmoja walikuwa kitu kimoja, na ni vigumu kuwalaumu kwa hesabu hiyo. Usiku wa kuamkia Oktoba 20, 1896, waliivamia kambi ya wamisionari. Ovir na Segebrock waliuawa, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao.

Kisasi kilikuja haraka. Johannes alirudi na askari, nyuma yake maelfu ya Wachaga waliochukuliwa kama jeshi la msaada. Nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Moshi. Mwaka 1900 Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 kwa siku moja huko Moshi, akiwamo mtawala wa Wachaga, Mangi Meli, na miongoni mwao walikuwamo wakuu wa Meru na Arusha. Mawe ya boma la Arusha, ambalo sasa ni makumbusho, yalibebwa na watu wa makabila hayo hayo kwa kazi ya shuruti.

Kwa hiyo wamisionari waliporudi mwaka 1902 na kujenga Nkoaranga, kisha Ilboru mwaka 1904, hawakukuta shamba tupu. Walikuta watu waliofilisiwa mifugo, wenye makaburi na hasira. Kanisa likawaita Ovir na Segebrock mashahidi, na hadi leo Akeri inatajwa kwa damu yao. Waliokufa katika kisasi hawakupewa jina hilo. Pengo hili halikuzibwa na mahubiri yoyote. Lilizibwa polepole na shule, zahanati, kahawa, na watoto wa wapiganaji walioanza kusoma wenyewe.

Hivyo walikuwa wameshajua kusoma wenye kanisa walipoondoka. Waingereza waliiteka Arusha mwaka 1916, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani wakafukuzwa Tanganyika. Kwa miaka kadhaa, mpaka Wamarekani wa kanisa la Augustana walipokuja kusaidia na Leipzig ikaruhusiwa kurudi, kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa walimu wenyeji. Ndio waliobatiza, waliofundisha, waliozika. Historia za makanisa hukipa kipindi hiki kurasa chache, nacho ndicho kilichoonyesha kwamba usharika unaweza kusimama bila Mzungu. Vita Kuu ya Pili ilipowaondoa Wajerumani tena, hofu haikuwa kama ile ya kwanza.

Kisha ikaja ardhi.

Tangu wakati wa Wajerumani mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima kama mshipi. Wameru na Waarusha walikuwa juu, wanaongezeka. Chini yao kulikuwa na kahawa na katani za wageni. Ng'ombe hawakuwa na pa kushukia. Mlango mmoja uliobaki wazi ulikuwa kaskazini, Engare Nanyuki, nchi ya malisho ambayo sehemu yake Wameru walikuwa wameinunua wenyewe kwa fedha za kuchangishana. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Tume hiyo ilitaka ardhi ya Waafrika na ya Wazungu ipangwe upya, na ukanda wa Sanya, kati ya Meru na Kilimanjaro, uwe wa walowezi mfululizo, bila Mwafrika katikati. Engare Nanyuki ilikuwa ndani ya ukanda huo. Wenyewe wangehamishiwa King'ori.

Wameru walikataa. Walikataa kwa barua, wakakataa katika mikutano, wakakataa fidia. King'ori, walisema, si badala ya kitu walichokuwa nacho. Novemba 1951 serikali ilipeleka polisi. Takriban watu 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa, mazao na mifugo vikapotea. Kanisa la Kilutheri la Engare Nanyuki nalo lilivunjwa. Yote hayo yalifanyika ili kupata nafasi ya mashamba 13 ya Wazungu.

Hapo inafaa kusimama kidogo. Serikali iliyovunja kanisa ilikuwa serikali ya Wakristo, na mfalme wake aliapishwa kanisani. Mshiriki wa Engare Nanyuki aliyetazama paa likishushwa angeweza kufikia uamuzi mwepesi, kwamba dini hii ni ya Wazungu, na arudi kwenye mambo ya babu zake. Au angeweza kujifariji kwamba ni mapenzi ya Mungu, akaenda King'ori kimya. Wapo waliofuata kila moja ya njia hizo. Lakini wengi walichukua njia ya tatu. Hawakurusha mkuki, na hawakukubali. Wengine walijibana kwa ndugu zao mlimani kuliko kugusa ardhi waliyopewa. Waliunda chama, Meru Citizens Union, wakaanza kuandika.

Waandishi hao walikuwa kwa sehemu kubwa zao la shule za misheni, na hilo lilionekana katika kazi yao: orodha, tarehe, hesabu ya nyumba. Msomaji yeyote wa Agano la Kale anaikumbuka habari ya Nabothi, mtu aliyekataa kumpa mfalme shamba la mizabibu la baba zake na akauawa kwa ajili yake. Mwenye kuisoma habari hiyo akiwa ametoka kuchomewa nyumba haisomi kama mtu wa seminari. Ni bahati ya kalenda tu, lakini inapendeza kuitaja, kwamba Biblia nzima ya tafsiri ya Muungano, ile inayosomwa Kijenge kila Jumapili, ilichapishwa mwaka 1952, mwaka uleule ambao malalamiko ya Wameru yalifika New York.

Yalifikaje? Moshi alikuwapo wakili mweusi kutoka Bermuda, Earle Seaton, aliyeona kwamba Tanganyika si koloni la kawaida bali nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na kwa hiyo mtu wake ana haki ya kupeleka shauri kwa mdhamini. Wameru wakachangishana nauli. Walimtuma mwenzao Kirilo Japhet, naye akawa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliwaeleza wajumbe wa dunia kilichotokea katika kijiji ambacho wengi wao hawakuweza kukionyesha kwenye ramani.

Kura ya Baraza Kuu, Desemba 1952, haikufikisha theluthi mbili. Kwa hesabu ya kura, Wameru walishindwa.

Nyumbani ilionekana vingine. Kirilo aliporudi alisimulia, na habari ilitembea Tanganyika nzima: kumbe serikali inaweza kushtakiwa, na Mwafrika akasikilizwa. TANU ilipoanzishwa Julai 1954 kesi ya Meru ilikuwa hoja iliyo tayari, na Machi 1955 Julius Nyerere akaenda New York kwa njia ambayo watu wa mlima walikuwa wameshaifungua. Mradi wa walowezi wenyewe ulikwama, na ardhi ikarudi hatimaye kwa Wameru. Kirilo na Seaton waliandika kitabu cha kesi hiyo, kikachapwa Nairobi mwaka 1967.

Isidhaniwe kwamba ujuzi huu wa kuunda kamati ulitumika kwa wema tu. Kuanzia mwaka 1990 Walutheri wa Meru, waliokuwa chini ya Dayosisi ya Kaskazini yenye makao Moshi, walidai dayosisi yao. Mabishano yakageuka ugomvi wa majirani. Nyumba zilichomwa, migomba na kahawa zikafyekwa, watu wakaumizwa, na mara hii waliofanya hivyo walijua kwa moyo nyimbo zilezile za kitabu cha Mwimbieni Bwana. Dayosisi ya Meru ilizaliwa mwaka 1992, na kundi jingine likabaki nje na kanisa lake. Wazee wa pande zote mbili huzungumza habari hiyo kwa shida kuliko ile ya 1951, na inaeleweka: mwaka 1951 adui alikuwa wazi.

Jiji nalo limekuwa na siku zake. Mei 5, 2013, bomu lilirushwa katika parokia mpya ya Olasiti wakati wa ibada ya uzinduzi, mbele ya balozi wa Papa. Watu watatu walikufa, zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Ilikuwa rahisi siku hiyo kwa Arusha kugawanyika kati ya misikiti na makanisa. Haikugawanyika.

Mei 6, 2017, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent liliingia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walikufa. Siku mbili baadaye majeneza yalipangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Makamu wa Rais wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akiongoza waombolezaji. Kila mtaa wa jiji, Kijenge ukiwamo, ulipitisha daftari. Kilichofuata kilionyesha kwamba kuchangia msiba huku bado si jambo la faragha: katika wiki ya pili baada ya ajali, Mei 18, polisi walimkamata Meya wa Arusha, Kalisti Lazaro, pamoja na waandishi wa habari na viongozi wa dini, wakiwa shuleni hapo kupeleka rambirambi. Mjadala ukahama kutoka barabara ya Karatu kwenda kwenye swali la nani ana haki ya kukusanya fedha za wafiwa, azipeleke wapi, na nani azikague.

Watoto watatu walinusurika. Wamarekani wa shirika la Kikristo la STEMM, waliokuwa njiani siku ya ajali, waliwatoa kwenye mabaki ya basi, na shirika likawasafirisha hadi Sioux City, Iowa, kwa matibabu. Walirejea Agosti 2017, na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulijaa watu waliokuja kuwapokea, wengi wao wasiokuwa na udugu wowote nao.